Kitufe cha Hariri: Mhadhara kwa Walimu na Wakutubi wa Nachingwea na Ruangwa

 

Kata nyingi za Tanzania zina ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiswahili. Ukizifungua kurasa hizo, nyingi zina mistari michache inayofanana: jina la kata, wilaya, mkoa, postikodi, na idadi ya wakazi kama ilivyohesabiwa katika sensa. Hapo habari zinakoma. Mito haimo, masoko hayamo, shule hazimo, waliotangulia hawamo. Aliyeziandika alifanya kazi njema kwa sababu alifungua mlango. Lakini mtu anayeandika mamia ya kata kwa kufuata orodha ya sensa hawezi kujua maji ya kijiji chako yanatoka wapi, wala kijiji hicho kilikuwa wapi kabla ya kuhamia kilipo sasa. Anayejua ni wewe. Na juu ya kila ukurasa wa namna hiyo kuna kitufe kilichoandikwa "Hariri". Ukikibonyeza, ukurasa unafunguka mbele yako uandike.

Mhadhara wangu wa leo hapa Ruponda ni juu ya kitufe hicho. Shule zetu zimeipokea intaneti kama ghala. Tunaingia, tunapakua mtihani, tunapakua notisi, tunapakua andalio la somo, tunatoka. Ghala lina kazi yake, hasa pale kitabu kimoja kinapogombewa na dawati zima. Ninachodai ni kwamba faida kubwa ya zana za mtandao kwa mwalimu na kwa mkutubi iko katika kuandika pamoja na kusahihishana mbele ya watu, na kwamba faida hiyo inaweza kupatikana hapahapa kwetu, kwa kishikwambi kimoja, ubao na madaftari.

Wazo lenyewe halina umri mkubwa. Tarehe 25 Machi 1995 Mmarekani Ward Cunningham aliweka mtandaoni kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzibadilisha papo hapo bila kumwomba mwenye tovuti. Wikipedia ikafuata njia hiyo Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Watanzania kama Ndesanjo Macha, mmoja wa wanablogu wetu wa mwanzo, walihimiza mapema tuandike kwa lugha yetu, na leo Wikipedia hiyo ina maelfu mengi ya makala. Watu wengi wakisikia kwamba yeyote anaweza kubadilisha, wanashtuka na kusema basi ni vurugu. Wanasahau nusu ya pili ya wazo: kila badiliko linahifadhiwa, pamoja na saa lilipofanywa na jina la akaunti iliyolifanya. Mtu akiharibu, mwingine anarudisha andiko kama lilivyokuwa. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa majadiliano ambako waandishi wanabishana juu ya tarehe, tahajia na vyanzo, na mabishano hayo hayafutwi.

Kwa kulinganisha na hayo, mwalimu ajiulize insha ya mwanafunzi wake huishia wapi. Inasomwa na mtu mmoja, mara moja, kwa kalamu nyekundu, usiku, akiwa amechoka na bado ana rundo mbele yake. Mwanafunzi anatazama alama, hatazami masahihisho. Mwisho wa mwaka daftari linafungiwa maandazi. Hatukumfundisha kuandika, tumemfundisha kukabidhi.

Mtu asiseme kwamba kujifunza kwa kushirikiana ni mambo mageni kwetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wenye umri wao wanaikumbuka. Redio ilitangaza kipindi kwa saa inayojulikana, kundi la wanakijiji likakaa kuizunguka. Kiongozi wa kundi, aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo, alisoma kijitabu kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe nyuma. Kisha watu wakajadili malaria, kichocho, minyoo, maji machafu, na wakakubaliana la kufanya kijijini kwao. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walifundishwa, kwa ngazi, na washiriki walikaribia milioni mbili. Vyoo vilichimbwa, vichaka vilivyozunguka nyumba vilifyekwa, madimbwi yakafukiwa. Miaka miwili baadaye kampeni ya Chakula ni Uhai ikafuata njia hiyohiyo.

Nakaa na kampeni ile kwa sababu ndani yake naona karibu kila kitu ambacho leo tunaletewa kama jambo jipya. Redio, kijitabu na kundi yalikuwa mafiga matatu, na hakuna aliyedhani redio peke yake ingechemsha chungu. Waliopanga kampeni walijua kwamba kazi ngumu ni kumwandaa yule kiongozi wa kundi, mwanakijiji wa kawaida, ajue kuuliza, ajue kumsubiri aliye mwoga aseme, ajue kumzuia msemaji mmoja asimeze kikao. Nani leo anaandaliwa hivyo kabla ya kukabidhiwa kifaa?

Tazameni vishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali ilivielekeza kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Ilikuwa hatua kubwa, na walimu wa vijijini wanajua thamani yake. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, nao umeweka jumuiya za ujifunzaji ili walimu wakutane na kujadili mada zinazowatatiza darasani. Kifaa kipo na kundi lipo. Kinachopungua ni andiko la pamoja: kitu ambacho kundi linakiandika, linakirekebisha, linakihifadhi, kikabaki baada ya kikao kwisha na baada ya mwalimu kuhamishwa. Hapa kwetu kuhamishwa si jambo dogo. Mwalimu wa hisabati anakaa miaka minne, anagundua njia nzuri ya kufundisha sehemu na asilimia kwa kutumia bei za korosho kwenye mnada, kisha barua ya uhamisho inafika. Anaondoka na kila kitu kichwani. Anayempokea anaanza sifuri.

Zana ya ushirikiano ambayo walimu wetu wanaitumia kweli, kila siku, ni kundi la WhatsApp. Kundi la walimu wa sayansi wa wilaya linaweza kumpa mwalimu wa fizikia aliye peke yake shuleni jibu la swali lake kabla kengele ya kipindi haijalia, na hakuna semina inayofika kwa kasi hiyo. Lakini kundi lina kasoro ya kuzaliwa nayo. Ujumbe wa leo unaufukia wa jana. Mtihani wa kujipima uliowekwa Machi, wenye swali lililokosewa, unaombwa tena Agosti na kutumwa tena ukiwa na kosa lilelile, kwa sababu aliyeligundua alisema kwenye kundi na kauli yake ikazama chini ya salamu za sikukuu na michango ya harusi. Faili lenyewe halikuguswa. Katika hati ya pamoja, kama zile za Google Docs ambazo zimekuwepo tangu 2006, masahihisho yanaingia ndani ya andiko, na atakayelifungua kesho atalikuta limeshatengenezwa. Kwa hiyo kundi libaki kwa kuulizana na kupashana habari. Maandalio, maswali na majibu yakae kwenye hati moja inayohaririwa, na kiungo cha hati hiyo ndicho kitumwe kwenye kundi. Bando linaloliwa ni dogo kuliko la kutumiana picha ishirini za kurasa za kitabu.

Sasa niende kwa wanafunzi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu Nachingwea ina somo ambalo shule nyingi duniani zingelitamani.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield na wenzake wachunguze kama karanga zingeweza kulimwa Afrika Mashariki kwa mashine. Walizunguka kwa wiki tisa. Wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake ikiwa katika Jimbo la Kusini, na nyingine Kongwa na Urambo. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli kutoka pwani ikafika Nachingwea. Januari 1951 mpango ukaachwa, na Uingereza ilikuwa imepoteza takriban pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shamba mojawapo, ambalo hadi leo linajulikana kama Farm 17, likawa kambi ya FRELIMO, ambako wapiganaji wa Samora Machel walijiandaa hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Habari hizi zimeandikwa sana, kwa Kiingereza, na watu wa mbali. Alan Wood alitoa kitabu chake, The Groundnut Affair, mwaka 1950, kabla hata mpango haujaachwa. Katika maandiko ya namna hiyo tunasoma mawaziri, matrekta na mizania ya fedha. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao mikono yao ilifyeka na kubeba, wanaonekana kwa mbali kama vibarua. Na wiki tisa za Wakefield zinatufundisha jambo ambalo kila mkulima wa hapa analijua: udongo na mvua vina wenyewe wanaovifahamu, na ukipanga ekari milioni bila kukaa na hao wenyewe, utalipa.

Napendekeza mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililokuja na mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, achukue kidato kimoja, na kidato hicho kiandike makala moja ya Kiswahili kuhusu karanga za Nachingwea. Makala moja kwa darasa zima. Wanafunzi wagawane. Wapo watakaoshughulikia udongo na mvua. Wapo wa reli na bandari. Wapo wa fedha, watakaogeuza ekari kuwa hekta na kupiga hesabu ya hasara ile. Wapo watakaosoma ukurasa wa Wikipedia ya Kiingereza na kuusema kwa Kiswahili chao wenyewe, na mwalimu wa Kiingereza atashangaa jinsi lugha hiyo inavyoingia mtu anapokuwa na haja nayo.

Rasimu ya kwanza iandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani. Kila kundi lipite na penseli na kuandika pembeni: hii mmeitoa wapi? Mwaka huu mmeuhakiki? Sentensi hii inasema mambo mawili, chagueni moja. Pawe na kanuni moja tu, kwamba hakuna anayefuta cha mwenzake bila kuandika sababu. Huo tayari ni ukurasa wa majadiliano, hata kama umeme umekatika. Baada ya wiki kadhaa andiko lililokomaa liingizwe kwenye kishikwambi cha mwalimu na lipelekwe kwenye Wikipedia ya Kiswahili kwa akaunti ya mwalimu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kazi hii haihitaji kanuni hiyo ilegezwe.

Yatakayofuata ndiyo somo lenyewe. Mhariri asiyejulikana, pengine yuko Arusha, pengine yuko Ujerumani, ataweka alama kwamba sentensi fulani haina chanzo. Mwingine atarekebisha tahajia. Wa tatu ataondoa sifa zilizozidi. Darasa litakasirika, kisha litakaa chini na kutafuta jibu. Mwanafunzi atagundua kwamba swali la "umejuaje?" linaulizwa kwa kila mtu anayeandika, mwalimu wake akiwemo, na kwamba kujibu swali hilo ni kazi ya heshima.

Nawasikia walimu wa madarasa ya mitihani wakisema: mtihani wa taifa hauulizi habari za Ruponda. Ni kweli, na sitawaambia wapuuze mtihani, maana cheti ndicho kinachomvusha mtoto wa mkulima. Lakini mtaala wa sasa unataka kazi mradi, na kazi mradi nyingi tunazoziona ni maandishi yaliyonakiliwa, yamepambwa jalada, hakuna anayeyasoma. Hapa mna mradi unaosomwa. Tena, mwanafunzi aliyebishana wiki tatu juu ya aya moja ataandika insha ya mtihani tofauti na yule aliyekariri notisi. Siogopi kusema hivyo mbele ya mwalimu yeyote wa Kiswahili.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi ya mtihani. Wikipedia inataka kila habari iwe na chanzo kilichochapishwa, ambacho msomaji anaweza kukifuata na kukihakiki. Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1949 sasa anakaribia tisini. Aliyaona matrekta kwa macho yake. Anajua wanakijiji waliyaitaje mashamba yale kwa Kimwera, anajua posho ililipwaje na nani alikataa kwenda. Kwa kanuni ile, kauli yake haiwezi kuingia kwenye makala kwa sababu haijachapishwa popote. Sababu ya kanuni naielewa, kwani bila hiyo kila mwenye uvumi angeugeuza kuwa elimu. Hata hivyo, kwa jamii ambayo kumbukumbu zake nyingi ziko vichwani mwa watu, kanuni hiyo inatuonea, na kila msiba wa mzee unaongeza hasara.

Dawa yake iko maktaba.

Katika shule zetu nyingi maktaba ni kabati, na ufunguo uko kwa mwalimu mmoja. Hata palipo na chumba, mtunzaji hupimwa kwa vitabu visivyopotea, kwa hiyo anajifunza kuvificha. Nchi hii ilianza na matumaini makubwa kuliko hayo. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru yenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina kazi ambayo walimu wengi hawaifahamu: ndiyo inayotoa namba za ISBN nchini, na ndiyo inayopokea na kuhifadhi nakala za vitabu vinavyochapishwa hapa. Maana yake ni hii. Shule ya kata inaweza kuandaa kijitabu cha kurasa thelathini cha masimulizi ya wazee, kikapewa namba, nakala zikakabidhiwa kwa Bodi, nyingine zikabaki kabatini kwenu na kabati likaachwa wazi. Kuanzia hapo masimulizi ya Ruponda ni chapisho, linaweza kutajwa na mwanafunzi wa Ruangwa na mtafiti wa London kwa usawa. Wahariri wa Wikipedia wanaweza kulibishia, hiyo ni haki yao, lakini watakuwa wanabishana na kitu kilichopo.

Kazi ya kukusanya masimulizi ifanywe kwa adabu ya kwetu. Mwanafunzi asiende peke yake. Aende na mwalimu au mzazi, wapige hodi, waeleze wanataka nini na kitapelekwa wapi. Sauti irekodiwe kwa ruhusa. Jina la msimulizi, kijiji na tarehe viandikwe, na asiyetaka jina lake litajwe lisitajwe. Kabla ya kuchapa, msimulizi asomewe kilichoandikwa na apewe nafasi ya kusema hapana, hapa mmenielewa vibaya. Kuna habari za jando, unyago na tambiko ambazo wazee hawatataka zitoke nje, na mtoto aliyefundishwa kuziacha zilipo amefundishwa sehemu muhimu ya ukutubi. Sauti na maandishi vihifadhiwe nakala mbili, sehemu mbili tofauti, kwa sababu mchwa, mvua na kadi iliyoharibika havina huruma.

Mkutubi ana kazi nyingine isiyohitaji mtandao wa kila siku. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inaruhusu Wikipedia nzima ya Kiswahili ipakuliwe mara moja na kusomwa bila intaneti. Yote inaenea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na nafasi inabaki. Mtu mmoja akienda mjini penye mtandao wa nguvu, anarudi na maktaba mfukoni, na kishikwambi kimoja chenye kuruhusu vingine viungane nacho kinahudumia kundi zima. Vitabu vya kiada navyo vinasomwa katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Jirani zetu wa Kenya wamejaribu ya kwao: tawi la maktaba ya taifa lililoko Kibera, Nairobi, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuwafundisha watoto wa mtaa ule kwa vishikwambi, ndani ya maktaba, wakutubi wakiwa nao. Ninaloomba tulizingatie hapo ni kuwepo kwa mkutubi. Kifaa kinachokaa na mtu anayejua kuuliza na kuelekeza ni kitu tofauti kabisa na kifaa kinachokaa peke yake.

Tujihadhari pia na shamrashamra. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Wikipedia ya Kiswahili, na washindi wapewe zawadi. Mamia ya makala ziliandikwa. Nyingine zilikuwa tafsiri za haraka zilizohitaji kufumuliwa na kuandikwa upya, na zawadi zilipokwisha waandishi wengi hawakuonekana tena. Sisemi shindano lilikuwa baya. Nasema kwamba kuandika pamoja ni mazoea, na mazoea hayaletwi na kompyuta mpakato ya zawadi. Afadhali shule moja inayotengeneza ukurasa mmoja kila muhula kwa miaka mitano kuliko wilaya nzima inayofanya tamasha la siku moja, mgeni rasmi akapiga picha, kisha kimya.

Juu ya hatari za watoto mtandaoni nitasema kwa kifupi kwa sababu msimamo wangu ni mmoja. WhatsApp yenyewe haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti, kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi asiwekwe kwenye kundi lolote kwa kisingizio cha masomo. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwalimu anayeendesha kazi hii azisome. Picha za wanafunzi, majina yao kamili, matokeo yao, habari za ugonjwa au umaskini wa nyumbani kwao, hivyo havipandishwi mtandaoni, hata kwa nia njema, hata kwa kutafuta mfadhili. Mtoto hawezi kuiondoa picha hiyo akiwa mtu mzima.

Na hili la akili mnemba, ambalo nimeulizwa tangu nilipofika. Programu hizi huandika kwa kutumia yale yaliyokwisha kuandikwa. Zina mengi ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, na kuhusu vijiji vyetu karibu hazina kitu. Mwanafunzi akiziuliza habari za Ruponda, zinaweza kumpa jibu lililonyooka, lenye tarehe na majina, ambalo si la kweli. Mwalimu anaweza kulitumia jibu hilo kama zoezi zuri: lichapwe, libandikwe ukutani, darasa lipite na penseli na kuuliza kila mstari umejuaje. Lakini ili mashine za kesho zisiwadanganye watoto wa hapa, njia ni ileile ya kuandika, kwa Kiswahili, kwa vyanzo, na kuweka mahali ambapo dunia inasoma.

Walimu wakuu, toeni ufunguo wa kabati, na mumpe mtunzaji wa maktaba vipindi katika ratiba, ili asiifanye kazi hiyo baada ya saa kumi jioni akiwa hoi. Maafisa elimu kata, katika kikao kijacho cha jumuiya ya ujifunzaji muulizeni kila mwalimu ni ukurasa gani au hati gani shule yake imeianza, na msikubali jibu la picha. Vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho na ufuta vimechangia madawati na madarasa. Gharama ya kuchapa kijitabu cha kurasa thelathini ni ndogo kuliko ya darasa, na ninaviomba vifikirie hilo msimu huu. Walimu, chagueni ukurasa mmoja muhula huu: karanga, reli, Farm 17, soko lenu, mto wenu. Na wazee wetu mliopo hapa, mtoto akija kupiga hodi na daftari mkononi, mkaribisheni, mwelezeni bila haraka, kisha mwambieni arudi awasomee alichoandika.